Aliyesomeshwa Asomeshe

Mulembe kwako wewe uliye Sirisia, Namwela, Malakisi na Lwandanyi. Kwako uliye Chwele ukifunga kibanda jioni hii. Na kwako uliye upande wa Kitale, Kiminini na Endebess, mahindi yakiwa bado yameanikwa uani. Nawasalimu wazee wetu, akina kuka na akina kukhu, babu na bibi zetu. Nawasalimu akina senge, shangazi zetu, na akina khocha, wajomba zetu. Nawasalimu pia watoto wetu walio Nairobi, Mombasa na ng'ambo, wanaotusikiliza kwa simu. Vuta kiti, tuzungumze.

Desemba hiyo inakuja. Wiki chache zijazo magari yatapanda kutoka Bungoma kupitia Chwele, yamejaa watu wanaorudi nyumbani. Mahema yatakodiwa, kuku watachinjwa, wajukuu ambao hawajawahi kuonana watacheza pamoja, na mzee mmoja atasimama awaeleze nani ni nani, ili kesho kijana asije akamchumbia dada yake wa ukoo bila kujua. Siku hiyo ya familia kukutana ni njema. Na katika familia nyingi za kwetu, siku hiyo imezaa desturi nyingine iliyo njema zaidi. Watu wakishasali na kula, huitwa kijana anayejiunga na sekondari au chuo, karai hupitishwa, na jamaa humchangia karo.

Leo nataka tuzungumze kuhusu karai hilo. Na swali langu ni moja. Kwa nini katika familia hii desturi hiyo hudumu mpaka wajukuu wanasomeshana, na katika familia ya jirani hufa mwaka wa tatu au wa nne? Ni umaskini? Ni roho mbaya? Au kuna jambo jingine?

Jibu langu nalitanguliza, na nitalirudia ili usilisahau. Mfuko wa karo wa familia hudumu kwa mambo matatu. Kwanza, kila mtu awe na sehemu yake inayojulikana. Pili, fedha ziwe na daftari. Tatu, aliyesomeshwa asomeshe. Sehemu, daftari, na kurudisha. Shika hayo matatu, twende nayo.

Kabla sijayaeleza, tukumbushane kidogo. Kusomeshana kwa michango hatukuanza jana. Mwaka 1959, Tom Mboya na wenzake waliwapeleka vijana 81 kwa ndege kutoka Nairobi hadi New York kwenda kusoma vyuo vikuu vya Marekani. Nauli ya ndege ilichangwa na marafiki wa huko, wakiwemo mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Lakini kijana alihitaji pia nguo, sanduku na pesa za kujikimu. Hizo zilitoka wapi? Zilitoka kijijini. Jamaa walikutana wakachanga, kila mtu na alichokuwa nacho. Mwaka uliofuata, 1960, miongoni mwa waliosafiri kwa mpango huo alikuwamo msichana kutoka Nyeri aitwaye Wangari, ambaye sisi tulikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Na baada ya uhuru, shule za sekondari ngapi katika nchi hii zilijengwa kwa harambee, wazazi wakitoa mawe, mabati na siku zao za kazi? Wazee mnaonisikiliza, ninyi ndio mashahidi.

Kwa hiyo mkono wa kutoa tunao. Tunachohitaji ni mpango wa kuufanya mkono huo usichoke.

Huenda wewe unasema: mtangazaji, siku hizi serikali inasomesha. Ni kweli, na tushukuru. Shule ya msingi ya umma haina karo tangu 2003, na tangu 2008 serikali imekuwa ikilipia masomo ya sekondari ya kutwa. Iko bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, tangu 1995. Ziko basari za kaunti na za hazina ya eneobunge. Mtoto wako aombe zote, kila mwaka, mapema. Lakini muulize mzazi yeyote wa Sirisia aliyempeleka mtoto bweni. Karo ya bweni katika shule kubwa za umma imepita shilingi elfu hamsini kwa mwaka, na hapo hujanunua godoro, sanduku, sare, ndoo, wala hujalipa nauli. Na basari za serikali nazo hutikisika. Mnakumbuka Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina ya maeneobunge inakiuka katiba, kesi ikaendelea kwenye rufaa, na wazazi wakabaki wakiulizana itakuwaje. Foleni ya serikali ni ndefu. Foleni ya familia ni fupi, na anayegawa anamjua mtoto kwa jina.

Tazama pia kalenda yetu wakulima. Shule za sekondari za umma hugawa karo ya mwaka kwa mihula mitatu, na nusu nzima hudaiwa muhula wa kwanza, yaani Januari. Na sisi huku mahindi tunavuna lini? Kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati kila mtu amevuna, bei iko chini, na wakati huohuo mwenye mtoto hana budi kuuza. Anauza gunia kwa bei ya hasara ili mtoto asikose kuripoti, halafu Mei anarudi sokoni kununua gorogoro ya mahindi kwa bei ya juu. Familia yenye mfuko humwokoa mzazi huyo. Mfuko unalipa Januari, yeye anatunza magunia yake, anauza bei ikipanda, kisha anatoa sehemu yake. Umeona? Mfuko wa karo ni kinga ya shamba pia. Wangapi kati yetu waliuza kipande cha ardhi ili kulipa karo, na leo wanawe hawana pa kujenga?

Haya, sasa tuje kwenye yale mambo matatu.

La kwanza ni sehemu. Kila mtu awe na sehemu yake inayojulikana.

Hapa sihitaji kukupeleka mbali kutafuta mfano. Itazame desturi yetu ya tohara. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, tohara hufanyika Bukusu nzima, na hakuna anayekosa kujua lini. Kijana hupiga kengele za chinyimba akizunguka kuwaalika jamaa. Siku moja kabla ya kukatwa huenda kwa mjomba wake, kwa khocha. Khocha huchinja ng'ombe, na nyama ya luliki huvikwa kijana shingoni, naye hurudi nayo kwa baba yake akikimbia, akiimbiwa. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa tope, anarudi uani kwa baba. Sasa jiulize: nani huwaandikia barua watu hawa? Nani humkumbusha khocha kwamba zamu ya kuchinja ni yake? Hakuna. Baba anaijua kazi yake, senge anaijua kazi yake, khocha anaijua kazi yake. Na huyo khocha anayechinja leo, miaka ile naye alivikwa luliki na mjomba wake. Alipokea, na leo anatoa. Ndiyo maana desturi hiyo imepita vita, njaa, wakoloni na miji, na bado ipo.

Mfuko wa karo ukiwa na umbo hilo, nao utadumu. Lakini angalia tunavyofanya kwenye karai. Tunamsubiri mmoja, yule mwenye gari kubwa. Yeye akitoa elfu ishirini, wengine wanapiga makofi na kurudisha mia zao mfukoni, wakiona aibu kuzitoa. Mwaka wa pili anatoa tena. Mwaka wa tatu biashara yake imeyumba, au amestaafu, au amechoka kuombwa, naye haji. Mfuko umekufa. Nani ameuua? Si yeye aliyeuua. Tumeuua sisi tuliomwachia peke yake.

Tufanye hesabu ndogo, nyepesi. Tuseme familia yenu ina watu wazima arobaini wenye kipato, kidogo au kikubwa. Kila mmoja atoe shilingi mia mbili kwa mwezi. Kwa mwaka mtakuwa na shilingi elfu tisini na sita. Hiyo ni karo ya bweni ya mtoto mmoja na nusu yake zaidi, na hakuna aliyeumia. Asiye na pesa mkononi je? Atoe mazao. Jamaa walio Kitale wenye mashamba watoe gunia moja kila nyumba, lililokaushwa vizuri, wakati wa mavuno. Kukhu asiye na shamba kubwa atoe gorogoro mbili za maharagwe. Mwalimu mstaafu atoe saa zake, awafundishe watoto hesabu likizoni. Fundi atengeneze masanduku ya chuma. Kila mtu na sehemu yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kikijazwa na wengi hakuna atakayesema ni chake peke yake.

La pili ni daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mimi naongeza: undugu bila daftari huingiwa na shaka.

Niwaeleze daftari linavyokuwa. Ni lile kubwa la jalada gumu, linauzwa katika duka lolote la vitabu Bungoma. Ukurasa wa kushoto: tarehe, jina la aliyetoa, kiasi, sahihi. Ukurasa wa kulia: tarehe, jina la mtoto, jina la shule, kiasi kilicholipwa, nambari ya risiti. Risiti yenyewe imebanwa hapohapo kwa pini. Pesa haipiti mkononi mwa mtoto, haipiti mkononi mwa mzazi. Inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Akaunti ya familia iwe benki au SACCO, na watu watatu watie sahihi: mmoja wa Sirisia, mmoja wa Kitale, mmoja wa mjini. Tena mmoja wao awe mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo au binti wa ukoo. Andikisheni kundi lenu katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya kuandikisha makundi ya jamii ipo tangu 2022, na benki itawaomba cheti cha kuandikishwa.

Halafu, siku ya kukutana, kabla ya chakula, mweka hazina asimame asome. Nasema kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula nusu ya watu watakuwa wamelala chini ya mwembe. Asome kila jina, mia mbili kwa mia mbili, bila kumwinua wa elfu ishirini wala kumruka wa gorogoro mbili. Aulizwe maswali, ayajibu bila kununa. Familia inayosoma daftari hadharani mara moja kwa mwaka haina haja ya minong'ono miezi kumi na mmoja inayobaki.

Na msitumie zote. Katika kila elfu moja iliyoingia, mia saba ziende shuleni, mia tatu zibaki kwenye akiba na msiziguse. Mwaka mvua itakapogoma, au viwavi watakapoingia kwenye mahindi, akiba hiyo ndiyo itakayompeleka mtoto shuleni.

La tatu, na ndilo kubwa: aliyesomeshwa asomeshe.

Bodi ya HELB imejengwa juu ya wazo hilohilo: anayerudisha mkopo leo anamsomesha mwingine kesho. Tofauti ni kwamba HELB ina sheria ya kumfuata mtu kazini kwake. Familia haina askari. Familia ina ahadi, na ahadi ni deni. Kwa hiyo ahadi hiyo iwekwe wazi tangu mwanzo. Siku kijana anapopewa, asimame na mzazi wake mbele ya wazee na aambiwe maneno mepesi: mwanetu, hatukukopeshi, na hatutakudai riba. Tunakuomba jambo moja. Siku utakapopata kipato chako cha kwanza, hata kiwe kidogo namna gani, utaingia kwenye daftari upande wa kushoto. Ajibu, na ajibu kwa sauti.

Vijana mnaonisikiliza, hili nalisema kwenu kwa upendo. Wapo waliosomeshwa na karai la familia, wakapata kazi, na sasa simu ya mweka hazina hawaipokei. Wanaogopa kuombwa makubwa. Msiogope. Mfuko unaoendeshwa vizuri hautakudai elfu ishirini; utakudai mia mbili zako, kama kila mtu. Toa mia mbili, na mwaka ujao njoo uketi na yule mdogo anayeanza, umwonyeshe ulivyochagua masomo. Hiyo nayo ni karo. Katika mtaala huu mpya, mtoto anaingia sekondari pevu, Gredi ya 10, akiwa ameshachagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi wengi kijijini hawajui hata pa kuanzia kumshauri. Binamu aliye chuo anajua.

Sasa tusikimbie maswali magumu, kwa maana hapo ndipo mifuko mingi huvunjikia.

Swali gumu la kwanza: mtoto wetu ni nani? Dada yetu ameolewa ukoo mwingine kule Kimilili. Mtoto wake ni wa ukoo wa baba yake. Je, apewe? Wapo wazee watakaosema hapana, aende kwao. Mimi nasema hivi, na nalisema kwa heshima: kama dada huyo jina lake liko kwenye daftari upande wa kushoto, basi mtoto wake ana haki upande wa kulia. Na tangu lini khocha akamkana mwana wa dada yake? Aliyemchinjia ng'ombe Agosti, atamnyima karo Januari? Na yule mtoto anayelelewa na kukhu kwa sababu wazazi wamefariki, huyo awe wa kwanza, hata kama hakuna wa kuchanga kwa niaba yake.

Swali gumu la pili: apewe mwenye alama za juu au mwenye shida? Ukimpa mwenye alama tu, utakuta mara nyingi ni mtoto wa yule ambaye tayari ana uwezo. Anzia kwa shida, kisha tazama bidii. Na bidii haiishii kwenye chuo kikuu. Kibabii ni chuo kikuu chetu na tunajivunia, lakini kijana anayekwenda Sang'alo, Kisiwa au Kitale National Polytechnic kujifunza umeme, ufundi bomba au upishi, naye ni mwanafunzi. Mnunulieni vifaa vya kazi kama mnavyomnunulia mwenzake vitabu. Na msichana asiwekwe nyuma kwa kisingizio kwamba ataolewa. Ataolewa, ndiyo, na mia mbili zake zitatoka hukohuko alikoolewa.

Swali gumu la tatu: heshima ya mtoto. Nimeona watoto wakipigishwa magoti mbele ya umati huku umaskini wa baba yao ukitangazwa kwenye kipaza sauti. Ndugu zangu, tuache. Shida za nyumba zizungumzwe na kamati ya watu wachache, ndani. Hadharani yatajwe mafanikio: huyu amepanda daraja, huyu amemaliza, huyu anaanza. Mtoto aliyeaibishwa akipewa hatarudi kutoa. Mtoto aliyeheshimiwa atarudi.

Na neno moja kuhusu wageni. Wanasiasa wakija siku hiyo wapewe chai na kiti, washukuriwe. Lakini daftari lisiwe jukwaa, na mfuko usibebe jina la mgeni. Uiteni kwa jina la kuka au kukhu aliyewakusanya.

Tunakaribia mwisho, kwa hiyo turudie pamoja. Mambo mangapi? Matatu. La kwanza? Kila mtu na sehemu yake. La pili? Fedha na daftari. La tatu? Aliyesomeshwa asomeshe.

Tunapofiwa, ndani ya wiki moja tunachanga pesa za jeneza, mahema, magari na chakula cha mamia ya watu, na tunaweza. Simlaumu mtu, kumzika ndugu kwa heshima ni wajibu wetu. Nauliza tu: nguvu ile inayotoka ndani ya wiki moja kwa ajili ya aliyeondoka, haiwezi kutoka mia mbili mia mbili kwa ajili ya aliye hai, aliyeketi nyumbani kwa deni la karo?

Ndugu msikilizaji, nakupa kazi. Usingoje Desemba ifike. Kesho asubuhi, piga simu kwa watu watatu wa familia yako: mmoja wa nyumbani, mmoja wa Kitale, mmoja wa mjini. Waambie mnataka kufungua daftari. Linunueni wiki hii, na jina la kwanza upande wa kushoto liwe lako. Mkikutana Desemba, msomee ukoo ukurasa huo mmoja, kisha mpitishe kalamu kabla ya kupitisha sahani. Januari, mtoto mmoja wa kwenu aripoti shuleni akiwa amelipiwa, na ajue ni akina nani waliomlipia, na kwamba baadaye yeye naye atamlipia mwingine.